Masanduku Sitini ya Safiya Mbaraka

Safiya Mbaraka ni shemeji yangu, mjane wa kaka yangu Shihab, na katika soko zima la samaki la Kismayo ni yeye peke yake ambaye sijapata kumpunja. Si kwa ajili ya undugu. Nilijaribu mara mbili, nikashindwa mara mbili, nikaona bora tufanye kazi pamoja.

Mimi nauza barafu na kuwatafutia watu nafasi za mizigo. Nilianza na mkokoteni wa kukodi na gunia la unga wa mbao. Barafu haikupi muda wa kuringa. Usipopatana upesi, unauza maji. Yeye anauza kamba mawe walio hai, na kamba mawe naye hana subira. Ndiyo maana tulielewana.

Amezaliwa kisiwani Chula. Vita vilipofika visiwani alikuwa na miaka saba, akapakiwa mashuani na mamake, akakulia kambini Mombasa. Huko alifanya kazi miaka kumi na mmoja katika kiwanda cha samaki, amesimama mezani mikono imemvimba kwa maji ya chumvi. Wenziwe walichukua mshahara tu. Yeye alichukua mshahara na ujuzi wa kufunga: kwamba kamba mawe akipozwa polepole, akavikwa gunia bichi na mwani, akalazwa tumbo chini bila kubanwa na mwenziwe, anaweza kukaa mchana na usiku nje ya bahari, na akifika bado anapiga mkia. Aliye hai ana bei yake. Aliyekufa ni nyama tu.

Aliporudi Chula na Shihab aliwakuta wapiga mbizi wanakata mikia na kuiuza kwa wenye majokofu, kwa bei wanayoitaka wenye majokofu.

"Msikate," aliwaambia. "Nileteeni mzima, na sharubu zake zote."

"Sharubu nazo zinaliwa?" aliuliza Fumo, fundi wa mashua, mtu mwenye maneno mengi kuliko misumari.

"Haziliwi. Lakini anayenunua anataka kuziona zinacheza."

Walimcheka mwezi mmoja. Mwezi wa pili walianza kuvua kwa uangalifu. Mwaka wa pili Shihab alipiga mbizi kina kirefu, akapanda juu haraka mno, akafa mashuani kabla ya kufika pwani. Safiya alikaa eda, akatoka, akakagua vizimba vyake vilivyozamishwa kwenye mkondo, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilitegemea ndege moja. Kampuni ya Hajji Abdirahim ilikuwa na ndege ya pangaboi mbili iliyokwenda Mogadishu mara tatu kwa wiki, na mjini tuliiita Ajuza. Kiwanda kilichoiunda kilishindwa na wenzake zamani, kikafungwa, hivyo Ajuza alikuwa yatima: kila kipuri chake kilinyofolewa kwenye ndege nyingine iliyokufa. Ila alikuwa na mlango mpana wa mizigo upande wa nyuma, na tumbo la kuridhisha. Safiya aliupima mlango ule kwa mshipi wa kuvulia aliouwekea mafundo, akampelekea Fumo mshipi, Fumo akaunda masanduku yaliyoingia kama droo kwenye kabati. Ajuza akiruka saa sita mchana, kamba mawe walibadilisha ndege Mogadishu, na kesho yake walikuwa Ghuba wanapunga sharubu kwenye matangi ya mahoteli. Kwa njia hiyo Safiya aliwalisha wapiga mbizi ishirini na wawili wa visiwa vya Chula na Ngumi, na nyumba zao.

Kisha Ajuza akaanza kulala. Safari hii injini, safari ile magurudumu. Tunafika uwanjani na mzigo, tunaambiwa kipuri kinatoka nchi fulani, kitafika wiki ijayo. Safiya anageuza mashua, anarudisha kamba mawe vizimbani, na kila akirudisha anapoteza robo yao. Hajji Abdirahim naye alichoka. Akatangaza kwamba ananunua ndege mpya, mpya kabisa, haijakaliwa na mtu.

Viwanda vinavyounda ndege za kiasi kile vimebaki viwili duniani, navyo vinachukiana kama wauza samaki wawili waliopewa ubao mmoja. Wajumbe wa kiwanda cha kwanza waligawa chepeo nyekundu. Wajumbe wa kiwanda cha pili waligawa chepeo za buluu. Katika wiki mbili mji ulikuwa na Wekundu na Wabuluu, na watu ambao hawajapanda ndege maisha yao walikuwa wakitukanana barazani juu ya mafuta yanayoliwa na injini.

Wekundu walifanya la maana zaidi: walileta ndege yenyewe. Ilitua saa nne asubuhi, inang'aa kama sahani ya arusi, na tukaruhusiwa kuizunguka. Mjumbe wao alikuwa mzee mnene mwenye jasho jingi, anaongea kupitia mkalimani. Watu walipiga picha mbele ya pangaboi. Safiya alikwenda moja kwa moja nyuma, akatoa mshipi, akaanza kupima mlango.

"Mama anapima nini?" mkalimani aliuliza.

"Nimekuja kuposa," Safiya alisema. "Nataka kujua kama nyumba ina mlango."

Mjumbe alipotafsiriwa alicheka hadi akashika kiuno. Kisha akawa mfanyabiashara. Alimwonyesha ndani, akapiga sakafu kwa kiatu, akasema: "Sisi tumeacha tumbo kubwa. Wale wengine wameongeza viti, mzigo wameusahau. Mwambie mama, mizigo yake itaingia yote na nafasi itabaki." Alimshikia ncha ya mshipi mwenyewe wakati Safiya akifunga mafundo.

Chakula cha mchana kilikuwa nyumbani kwa Hajji Abdirahim, wanaume uani, wanawake barazani, pazia katikati. Wali ulipokwisha, Hajji alitaja mbele ya watu: ndege moja, bei waliyoafikiana, itafika baada ya Ramadhani. Mjumbe akaitikia kwa kichwa. Hajji akainua mikono, akasema, "Al-Fatiha." Tukainua sote. Mjumbe naye aliinua, akatuangalia kushoto na kulia ajue la kufanya, na tulipojipangusa uso akajipangusa.

Sasa, kwetu, bei ikishatajwa na Fatiha ikasomwa, jambo limekwisha. Ndivyo tunavyouza mashua, ndivyo tunavyouza nyumba, ndivyo tunavyoozesha. Namjua mtu wa Kudha aliyesomewa Fatiha juu ya mashua asubuhi, mchana akapata mnunuzi mwenye bei maradufu, akamwambia umechelewa. Karatasi huandikwa baadaye, na wengine hawaandiki. Hakuna mtu hapa ambaye angengoja karatasi baada ya mikono kuinuliwa.

Ningependa kusema kwamba nilimwonya Safiya asubiri. Sikumwonya. Mimi ndiye niliyemtafutia mbao.

Zilitoka Lamu, mbao nzuri, na Fumo alikaa nazo miezi miwili pale Chula. Masanduku sitini. Tumbo la ndege ya Wekundu lilikuwa refu, kwa hiyo Safiya alitaka masanduku marefu, yenye rafu mbili ndani, kila kamba mawe na chumba chake. Wapiga mbizi walichangia kwa kuvua zaidi na kupokea baadaye. Fumo alitia pamba kwenye maungo yote na kuyapaka mafuta, kama mashua.

"Fumo, nimekwambia sanduku," Safiya alimlaumu. "Maji ya gunia yatatokea wapi?"

"Dada, mimi sijui kuunda kitu kinachozama."

Ikabidi yeye mwenyewe ayatoboe chini, moja moja, kwa msumari wa moto.

Ramadhani ikaja, ikaisha. Ajuza aliruka mara ya mwisho wiki moja kabla ya Idi, akaegeshwa pembeni mwa uwanja, matairi yakaanza kulegea. Hajji akatuma salamu kwamba ndege mpya inafika Jumanne. Safiya alituma neno visiwani, vizimba vikafunguliwa, na Jumanne ile tulikuwa uwanjani na masanduku yote sitini, yamejaa, yamefunikwa magunia bichi, na barafu yangu yote pembeni. Alivaa buibui jipya. Sijui kwa nini nakumbuka hilo.

Ndege ilitokea upande wa bahari, ikageuka, na mkia wake ulikuwa wa buluu.

Watu wenye chepeo za buluu walipiga makofi. Mimi nilidhani ni rangi tu. Safiya hakudhani, alikuwa amekwisha kutoa mshipi, na ndege iliposimama alikwenda nyuma nao. Ilyas, msimamizi wa wapakiaji, mtu tuliyemjua miaka yote, alimfuata pole pole kama mtu anayekwenda kutoa habari ya msiba.

"Safiya, usipime."

"Kwa nini nisipime?"

"Nimeshaingia ndani. Hata ukiyakata nusu. Hii wameitia viti vinane zaidi ya ile, na viti vinane vimekaa pale mzigo ulipokuwa. Kilichobaki nyuma ni chumba cha mabegi ya abiria. Abiria wakijaa, nacho kimejaa."

"Yaingie sita."

"Hata moja, dadangu. Mabegi hayajaenea."

Alipima hivyo hivyo. Mlango ulikuwa finyu kwa vidole vinne. Alipofika fundo la mwisho aliukunja mshipi, akaniambia, "Shemeji, twende kwa Hajji. Wewe usiseme."

Hajji Abdirahim alikuwa kwenye chumba cha wageni cha uwanjani, na mjumbe wa Wabuluu ameketi kando yake: kijana mwembamba mwenye viatu safi, ambaye aliwahi kukaa Nairobi na Kiswahili chake kilikuwa cha kutosha.

"Hajji," Safiya alisema, "tulisoma Fatiha."

"Tulisoma, mamangu. Tulimwombea mgeni afike kwao salama. Kwani hakufika?"

Waliokuwa chumbani walicheka.

"Mtu akitaja bei halafu akainua mikono, anaombea safari?"

Hajji aliacha kucheka. Si mtu mbaya. Nasema hivyo ingawa nimeuza kwake barafu. "Sikiliza, Safiya. Wale Wekundu waliponiona nimeinua mikono, walijua wamenipata, wakaanza kuniongezea gharama: mafunzo ya marubani mbali, vipuri mbali. Wabuluu wakasikia kuwa nimekwisha kutoa neno, wakanipigia simu, wakashusha bei mpaka nikadhani simu mbovu. Na viti vinane juu yake. Viti vinane, kila safari, mwaka mzima. Ungekuwa ni wewe?"

Mimi ningefanya hivyo hivyo. Yeye pia, wapiga mbizi wanamjua. Hilo ndilo lililotukata ulimi: hatukuwa na la kumlaumu ambalo sisi hatulifanyi kila siku sokoni.

Akamgeukia kijana. "Wewe ndiye mwenye ndege. Viondoe hivyo viti vinane."

"Pole sana, mama. Ndege imepitishwa ikiwa hivi. Kuondoa kiti kimoja ni lazima kiwanda kichore upya, kipime upya, wenye sheria wakubali. Ni miezi mingi, na Hajji ndiye atakayegharimia. Na kwa bei tuliyompa, hatuna pa kubana tena."

"Bei gani hiyo?"

"Ya hasara, mama. Nakwambia ukweli."

Hapo nilisahau kwamba nimekatazwa kusema. "Muuzaji gani anapata hasara kwa hiari yake?"

Kijana alitazama viatu vyake. "Mwaka jana wenzetu wa nyekundu walitunyang'anya mteja mmoja mkubwa, huko Asia. Ndege arobaini. Tulikuwa tumeshamhesabu wetu. Wakubwa wakakasirika, wakasema popote wale watakapokwenda, tuwafuate na tuwatoe, hata kama ni ndege moja tu. Wakaangalia orodha ya walikokuwa wanakwenda. Kismayo ilikuwemo."

"Na huyo wa Asia," Safiya aliuliza, "naye anasafirisha kamba mawe?"

"Sijui, mama. Mimi hata ya kamba mawe sikuambiwa. Ningeambiwa..." Alijua, na sisi tulijua, kwamba angeambiwa lisingebadilika neno.

Nimepatana na watu wengi. Na askari wenye bunduki vizuizini, na mabaharia walevi, na mwanamke mmoja wa Mogadishu aliyeninyang'anya faida yangu huku akinipa chai. Wote wale walikuwa na kitu wanachokitaka au wanachokiogopa, na kilikuwa mezani mbele yangu. Pale chumbani nilitafuta. Kijana alikuwa ametumwa. Waliomtuma walikuwa wamekasirikiana na watu wengine, juu ya ndege arobaini, katika nchi ambayo siwezi kuitaja. Safiya hakuwa na cha kuwauzia wala cha kuwanyima. Hakuwa hata adui yao.

Hajji alimgeukia Safiya. "Hao kamba mawe, wako hai?"

"Mpaka sasa."

"Nitolee arobaini, wale wakubwa. Kesho tuna karamu ya ndege."

Nilidhani Safiya atamtupia kiatu. Alimtajia bei ya Ghuba, bei ya kamba mawe anayepunga sharubu tangini. Hajji akaguna, akaomba apunguziwe kwa vile hakuna nauli. Hakupunguza. Hajji akakubali, labda kwa haya. Siku ile ndilo patano pekee alilolishinda Safiya, na alilishinda lote.

Walibaki kamba mawe zaidi ya mia sita. Wenye majokofu walikuwa wamekwisha kupata habari na walikuja wenyewe hadi kwenye mikokoteni, jambo ambalo hawajawahi kulifanya, wakataja bei ya mkia kama watu wanaompa sadaka. Barafu yangu ilikuwa inachuruzika. Adhana ya Alasiri ililia. Safiya aliniambia niite mikokoteni iende pwani.

"Unakwenda kuwatupa?" nilimuuliza. "Kilo zote zile za nyama, utazitupa kwa hasira?"

"Hasira ya nini, shemeji? Akiwa hai baharini, kuna siku nitamkuta. Akifa sandukuni ni uvundo, na ni uvundo wangu."

Tuliyafungua masanduku majini, maji ya magoti. Aliwatoa mmoja mmoja, akiwavua magunia, kama alivyowafunga. Wengi walikaa chini bila kujua wako wapi, kisha wakaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea kina. Waliokufa aliwaweka upande, wakawa kama mia moja na hamsini, na hao aliwauzia wenye majokofu bila kubishana. Walinzi wa bandari walisimama kutazama. Mmoja akauliza kwa Kisomali kama ni mashetani.

Masanduku yalielea. Fumo alisema kweli, hata kutobolewa hakukuyazamisha upesi. Ilibidi tuyakimbilie.

Kabla ya kurudi Chula alikwenda kwa wapiga mbizi waliokuja naye na akawaeleza mwenyewe, hakumtuma mtu. Walimuuliza ni lini ndege nyingine itakuja. Akasema hajui. Wakamuuliza ni nani wa kuulizwa. Akasema hilo pia hajui. Fumo, aliyekuja nao na ambaye huwa na neno kwa kila kitu, aliokota mshipi uliokuwa umeanguka mchangani, akaukunja, akamrudishia.

Alihangaika miezi kadhaa, na mimi nilihangaika naye. Tulijaribu gari hadi Mogadishu. Barabara ina wenyewe, na kila mwenyewe anataka gari lisimame, na jua linafanya kazi yake. Tulijaribu boti hadi Lamu. Walifika nusu yao, wamelegea, na mnunuzi alinusa tu akageuka. Nilimwendea Hajji mara tatu kumwomba nafasi siku ambazo mabegi ya abiria hayajajaa. Siku za mwanzo alikuwa mwenye ahadi. Mara ya tatu alinionyesha uwanja: abiria wamepanga foleni hadi nje ya lango, kila mmoja na mabegi mawili. Ajuza bado yuko pembeni, ndege wa kweli wamejenga kwenye injini yake ya kushoto, na mlango wake wa nyuma hufunguka ukiusukuma kwa bega.

Masanduku yako visiwani. Mengine ni viota vya kuku, mengine ya mkaa. Safiya amerudi Chula, na sasa ananunua kamba mawe kwa wapiga mbizi na kuniuzia mimi mikia, mimi nikiwauzia wenye majokofu. Bei wanaitaja wao. Mimi na yeye tunagawana kilichobaki, na bado siwezi kumpunja, ila siku hizi hakuna cha kumpunja.

Mwezi uliopita simu yangu ililia. Ilikuwa ujumbe kutoka kwa mkalimani wa Wekundu, na picha. Kiwanda chao kimetoa ndege nyingine, tumbo kubwa kuliko la kwanza, ili kuwakomoa wale wa buluu. Aliandika kwamba mzee mnene ananisalimu, na anauliza, yule mama wa mshipi bado yupo?

Nilikuwa naenda Chula na barafu, nikampelekea. Alikuwa amekaa kwenye jiwe mbele ya rundo la kamba mawe, kisu mkononi. Alijipangusa vidole kwenye kanga, akaipokea simu, akaikuza picha hadi mlango wa nyuma ukajaa kioo chote. Aliutazama muda mrefu. Aliweka kidole gumba kwenye ncha moja na cha shahada kwenye ncha nyingine.

"Mlango mzuri," alisema.

Akanirudishia simu, akachukua kamba mawe aliyefuata, akamkata mkia.